Herufi Moja Niliyoifuta



Kabla sijaingia seminari nilikuwa fundi wa kompyuta. Nimezaliwa na kukulia Binza, huku kwetu Simiyu. Baada ya sekondari nilisoma stashahada ya tehama, na nikiwa na miaka 21 nilipata kazi yangu ya kwanza jijini Mwanza, katika taasisi iliyotunza akiba za wanachama wake. Wenzangu hapa seminarini huniuliza kwa utani kama bado naikumbuka kazi ile. Naikumbuka mara nyingi, hasa usiku tunapochunguza dhamiri kabla ya kulala, kwa sababu ya kosa moja ambalo leo nataka kulisimulia.

Kazi yangu ilikuwa kutunza maktaba ya tepu. Si maktaba ya vitabu. Ni kabati la chuma lenye ukubwa wa friji ndogo, lililofungwa katika chumba chenye baridi pamoja na seva. Ndani ya kabati letu kulikuwa na vyumba 24 vya kuwekea tepu, mkono wa mashine unaopanda na kushuka, na draivu moja ya kusomea na kuandikia. Tepu zetu zilikuwa za aina ya LTO kizazi cha sita. Ukiishika mkononi ni kama kaseti nene ya mraba, lakini ndani yake umeviringishwa utepe wa mita 846, na hubeba terabaiti 2.5. Hufanya kazi kama kaseti za redio walizotumia wazazi wetu: ukitaka kusikia wimbo wa mwisho, lazima upite nyimbo zote zilizotangulia.

Kabati hilo halikuwa na picha wala vitufe vya kubofya kwenye skrini. Unakaa mbele ya kibodi, unaandika amri, unasubiri. Ukiandika `mtx -f /dev/sg3 status`, mashine inakuorodheshea kila chumba: hiki kina tepu namba fulani, hiki kitupu, draivu haina kitu. Ukiandika `mtx -f /dev/sg3 load 5 0`, unasikia mkono ukinguruma ndani ya chuma, unaichukua tepu kutoka chumba cha tano na kuiingiza kwenye draivu. Kisha kuna programu ndogo iitwayo `mt` ya kuuvuta utepe mbele na kuurudisha nyuma, na `tar` ya kuandika mafaili juu yake. Nilikuwa kijana, na nilifurahia kuona mstari mmoja wa maandishi ukiinua mkono wa chuma.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini tepu, wakati dunia imejaa diski na hifadhi za mtandaoni? Februari 2011, watumiaji kadhaa wa barua pepe za Gmail walifungua sanduku zao wakazikuta tupu. Google walikuwa na nakala kadhaa za kila barua katika vituo tofauti, lakini kasoro ya programu ilizifikia nakala hizo kwa pamoja. Barua zilirudishwa kutoka kwenye tepu. Tepu iliyotolewa kwenye draivu haijaunganishwa na chochote, na kosa linalotembea ndani ya mtandao haliwezi kuifikia. Imelala rafuni, kama mbegu ya mahindi iliyotundikwa juu ya moshi wa jikoni.

Basi, kosa langu lilikuwa hivi.

Katika mfumo wa Linux, draivu moja ya tepu ina majina mawili. Jina la kwanza ni `/dev/st0`. Jina la pili ni `/dev/nst0`. Chuma ni kilekile. Tofauti ni kwamba ukiandika kwa jina la kwanza, kila kazi inapokwisha utepe unajirudisha wenyewe hadi mwanzo. Ukiandika kwa jina la pili, lenye herufi n mbele, utepe unabaki pale pale ulipoishia, ukingoja kazi inayofuata.

Kila Jumamosi usiku, skripti iliyoandikwa na fundi aliyenitangulia ilifanya kazi mbili juu ya tepu moja. Kwanza iliandika kanzidata, yaani hesabu zote za akiba za wanachama. Kisha iliandika folda ya nyaraka: barua, mihutasari ya vikao, fomu. Mwisho iliamuru utepe urudishwe mwanzo. Yeye alitumia `nst0`.

Miezi michache baada ya kuanza kazi niliifungua skripti ile ili niielewe. Nilikuwa nimesoma mwongozo ambao mifano yake yote ilitumia `st0`. Nikaiona ile n, nikasema moyoni, huyu kaka alikosea kuchapa. Nikaifuta. Nikaona pia kwamba sasa utepe unarudi wenyewe, kwa hiyo nikaufuta na mstari wa mwisho wa kuurudisha. Skripti ikawa fupi zaidi. Nikajiona fundi hodari kuliko aliyenitangulia.

Msomaji ameshaona kilichotokea. Kanzidata iliandikwa, utepe ukarudi mwanzo, halafu nyaraka zikaandikwa juu ya kanzidata. Kila Jumamosi. Na kila Jumapili asubuhi daftari la mfumo liliniambia kwamba kazi ya kwanza imekamilika bila kosa na kazi ya pili imekamilika bila kosa. Halikunidanganya. Kanzidata kweli iliandikwa. Daftari lilishuhudia tendo la kuandika, na halikuulizwa kuhusu kilichobaki baada ya tendo. Mimi nilisoma lile neno “imekamilika” nikaenda Misa.

Wiki ya kumi na moja, diski za seva zikafa. Mkuu wangu wa kazi alikuja mbio, lakini mimi nilikuwa mtulivu kabisa. Nilimwambia, “Mkuu, usiwe na hofu, tuna tepu.” Nikapakia tepu ya Jumamosi iliyopita, nikaamuru `tar` iniorodheshee kilichomo. Zikatiririka barua, mihutasari, fomu. Kanzidata hakuna. Nikapakia ya wiki iliyotangulia. Barua, mihutasari, fomu. Nikaendelea hivyo, tepu baada ya tepu, mkono ukinguruma ndani ya kabati, hadi mgongo wangu ukalowa jasho ndani ya chumba cha nyuzi 18.

Tulikuwa na tepu 12 zilizotumika kwa zamu, moja kila wiki. Kumi na moja zilikuwa zimeandikwa kwa skripti yangu. Ya kumi na mbili ilikuwa ya kabla sijaigusa. Ndani yake kanzidata ilikuwepo nzima, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kuandikwa upya.

Wanachama walikuwa wengi: wakulima wa pamba, wauza samaki, madereva, walimu. Wiki 11 za akiba na marejesho yao hazikuwepo popote ndani ya mashine. Kilichotuokoa ni karatasi. Wahudumu wa dirishani walikuwa bado wanaandika risiti kwa mkono kwenye vitabu vyenye nakala ya kaboni. Tulivitoa stoo tukaanza kuingiza risiti moja moja, watu sita, usiku na mchana. Pale ambapo kaboni ilififia ilitubidi kumwita mwanachama alete nakala yake. Namkumbuka mama mmoja muuza dagaa aliyefungua kitenge chake mezani kwangu na kunyoosha risiti zake moja moja kwa kiganja, zote zikinukia dagaa. Akaniuliza, “Mwanangu, kwani hela zangu zimekwenda wapi?” Nikamjibu kwamba hela zipo, kilichopotea ni maandishi. Akanitazama. Kwake hapakuwa na tofauti, na nilipofikiri baadaye niliona yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Hadi hapo nimesimulia kosa la kazi. Dhambi ilikuja baadaye.

Katika kikao cha dharura mkuu alisema, “Yule kaka aliyeondoka alituachia mfumo mbovu.” Kila mtu akatikisa kichwa. Yule kaka alikuwa bado anasubiri malipo yake ya mwisho, na palepale ikaamuliwa yasitolewe kwanza mpaka ajieleze. Mimi nilikuwa nimeketi kiti cha tatu kutoka mlangoni. Usiku uliopita nilikuwa nimeifungua skripti tena na kuona herufi iliyokosekana. Nilijua. Nikanyamaza.

Sikusema uongo hata neno moja. Hilo nilijiambia kwa siku mbili, nikiingiza risiti. Sikumtaja mtu. Nilinyamaza tu, na wao wenyewe ndio waliomdhania mwingine. Kumbe ukimya wangu uliandika jina lake juu ya jina langu, kama vile nyaraka zilivyoandikwa juu ya kanzidata, na juu juu kila kitu kilionekana kimekamilika bila kosa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Mwanzoni mwa Misa, tulipofika mahali pa kukiri na kupiga kifua, mkono wangu ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea tangu nikiwa mtoto wa kipaimara. Nikagundua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga kifua bila kufungua kuona kilichomo ndani. Nilitoka kanisani kabla ya matangazo. Nilikwenda nyumbani kwa mkuu nikamkuta akinywa chai na familia yake. Nikamwambia yote, herufi kwa herufi.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Mpigie wewe mwenyewe. Sasa hivi, hapa hapa.” Akanipa simu yake.

Ilikuwa simu ngumu kuliko zote nilizowahi kupiga. Yule kaka alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akauliza swali moja tu: “Uliitoa ile n?” Nikasema, “Ndiyo kaka, nisamehe.” Akavuta pumzi. Akasema, “Nimekusamehe. Ila na mimi nina sehemu yangu. Sikuandika pembeni kwamba ile n ina sababu. Nilijua mimi peke yangu, nikaondoka nayo kichwani.” Malipo yake yalitolewa wiki ileile. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikabaki kazini.

Tangu siku hiyo tulikuwa na utaratibu mpya. Kila Jumatatu asubuhi nilipakia tepu ya Jumamosi, nikachagua mafaili kadhaa bila mpango, nikayarudisha kwenye kompyuta nyingine kabisa, nikayafungua kwa macho yangu. Kwanza hesabu ya mwanachama mmoja, kisha barua moja. Kazi ya nusu saa. Na ndani ya skripti, juu ya ile n iliyorudishwa, niliandika mistari miwili ya maelezo: n hii inazuia utepe usirudi mwanzo, ukiifuta, kazi ya pili itaandikwa juu ya ya kwanza.

Baada ya mwaka mmoja na zaidi niliacha kazi hiyo, nikaingia malezi, na sasa ninasoma falsafa. Darasani tunajifunza kwa Mtakatifu Thomas kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu chenyewe. Mwalimu alipoeleza hivyo, wenzangu waliandika. Mimi niliona tepu 11. Akili yangu ilisema kanzidata ipo, na kitu chenyewe hakikuwepo. Kati yangu na kitu kulikuwa na daftari la mfumo, nami nikalingana na daftari. Njia pekee ya kulingana na kitu ni kwenda kukitazama.

Mtakatifu Augustino naye, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anaitafakari kumbukumbu kwa kina, kama jumba kubwa lenye vyumba visivyohesabika. Lakini Augustino hakuiachia kumbukumbu peke yake kazi yote. Alipofariki tarehe 28 Agosti 430, mji wake wa Hippo ulikuwa umezingirwa na Wavandali. Rafiki yake Possidius, Askofu wa Kalama, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Augustino alikuwa akiagiza mara kwa mara maktaba ya kanisa na vitabu vyake vitunzwe kwa uangalifu kwa ajili ya watakaokuja. Possidius alifanya zaidi ya kusimulia. Aliacha pia orodha ya maandishi ya rafiki yake. Kwangu mimi orodha ile ni kazi inayofanana na amri ya `status`: hiki kipo, na hiki kipo. Asiyejua kilichomo ndani ya maktaba yake hawezi kujua kilichopotea.

Hapa nyumbani Tanzania tunao mfano wetu. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu za magurudumu. Bendi kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz zimo humo. Tepu za aina hiyo zina shida yake. Utepe unaweza kuwa mzima, lakini mashine ya kuusoma ikawa imechakaa na fundi wake amestaafu. Ndiyo maana tepu haiwekwi rafuni na kusahauliwa. Lazima iamshwe, isikilizwe, na kilichomo kihamishiwe kwenye chombo kipya wakati cha zamani bado kinasomeka.

Nilidhani nimeshajifunza somo hili vya kutosha. Likizo iliyopita nilirudi Binza, na paroko akaniomba nisaidie kupiga picha vitabu vya zamani vya ubatizo. Baadhi mchwa wameshaonja pembe zake, na wino wa miaka ya mwanzo umegeuka rangi ya chai. Nilifurahi, maana nilijua uzito wa vitabu hivyo. Nilipoomba kuingia seminari niliombwa cheti cha ubatizo na cha kipaimara, kama Sheria ya Kanisa inavyodai katika kanuni ya 241. Bila ukurasa ule mmoja, maombi yangu yangekwama mlangoni.

Kwa siku nne nilipiga picha. Jioni nilihamishia picha kwenye kompyuta ya parokia. Siku ya mwisho kompyuta iliniuliza jambo fulani kuhusu mafaili yenye majina yanayofanana, nami, nikiwa nimechoka, nikabonyeza kukubali yote. Nikamwambia paroko kwamba kazi imekwisha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kigangoni kwetu kulikuwa na ubatizo wa watoto wachanga. Baada ya Misa katekista wetu, mzee ambaye amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, aliketi chini ya mti na daftari lake, wazazi na wasimamizi wakimzunguka. “Mwangaluka, baba,” nilimwamkia, nikasimama nyuma yake kumtazama akiandika. Kanuni ya 877 inataka yaandikwe majina ya mbatizwa, ya mhudumu, ya wazazi na wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Mzee aliyaandika yote kwa mwandiko wa taratibu. Nilitarajia afunge daftari. Hakufunga. Alivaa miwani vizuri, akasema, “Haya, sasa nisikilizeni nisome mlichoniambia.” Akasoma kwa sauti, mtoto mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila mmoja akainua macho na kuuliza, “Nimesoma sawa?”

Walikuwepo mapacha. Kwetu Usukumani mapacha huja na majina yao, wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Mzee alipomaliza kuwasoma, mama yao akasema kwa aibu, “Samahani baba, msimamizi huyo ni wa Doto. Wa Kulwa ni huyu hapa.” Kwenye daftari msimamizi mmoja alikuwa ameandikwa kwa watoto wote wawili, na mwingine hakuwepo kabisa. Mzee hakukasirika wala hakujitetea. Alikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake, akasaini pembeni, akasoma upya. “Nimesoma sawa?” Mama akasema, “Sasa ni sawa, baba.”

Nilisimama pale nikahisi jasho lilelile la chumba cha seva. Nilikuwa nimemwambia paroko kazi imekwisha bila kufungua hata picha moja.

Mchana huohuo nilikwenda parokiani nikafungua kompyuta, nikafungua na vitabu vyenyewe, nikaanza kulinganisha. Kitabu cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu, kurasa zake zote zilikuwa za kitabu cha nne. Kamera, baada ya kubadilishiwa kadi, ilikuwa imeanza kuhesabu upya kutoka namba moja, na kompyuta iliponiuliza kama iweke mafaili mapya juu ya yale ya zamani, mimi nilikubali. Ni kosa la tepu lilelile, limevaa kanzu nyingine. Safari hii vitabu vyenyewe vilikuwa bado mezani. Ilinigharimu siku moja ya kupiga picha upya, na aibu ya kumwambia paroko. Alicheka, akasema, “Afadhali wewe umetazama.”

Kanisa limeujua udhaifu huu kwa muda mrefu. Mafundi wa kompyuta wana kanuni wanayoiita tatu-mbili-moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, iliagiza paroko apeleke kila mwisho wa mwaka nakala halisi ya vitabu vya parokia kwenye ofisi ya askofu. Hiyo ndiyo nakala ya mbali, ilikuwepo kabla ya kompyuta ya kwanza. Sheria ya sasa, ya 1983, katika kanuni ya 535, inaagiza vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu, na katika kitabu cha ubatizo yaandikwe pembeni yale yanayobadili hali ya mtu: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima. Mstari wa pembeni ndio ule ambao kaka yangu wa Mwanza alijilaumu kwa kutouandika. Unamweleza atakayekuja kwa nini jambo liko hivyo, ili asilifute kwa kudhani ni kosa.

Pembeni pale pana faida hata kwa anayetafuta. Jimbo letu la Shinyanga, kwa mfano, kabla ya 1956 liliitwa Jimbo la Maswa. Kijana wa leo akikuta jina hilo katika karatasi ya babu yake anaweza kudhani ni karatasi ya kwingine. Neno moja la maelezo linamwondolea safari ya bure.

Kwa parokia zinazofikiria kufanya kazi kama hii, naomba niseme machache niliyoyajifunza kwa gharama. Pateni kwanza ruhusa ya paroko, maana vitabu hivi vina siri za familia, na nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za rejista haziendi kwenye makundi ya WhatsApp. Kila kitabu kiwe na folda yake na jina lake kabla ya picha ya kwanza. Nakala moja ikae nje ya jengo la parokia. Kitabu cha karatasi kisitupwe kamwe kwa sababu ya kuwa na picha yake. Na mkimaliza, msiseme mmemaliza. Mtu mwingine, ambaye hakupiga picha, afungue kurasa chache bila kuchagua na kuzisoma akiwa na kitabu mkononi.

Kwa ndugu zangu waseminari nina neno moja zaidi. Malezi yetu yana madaftari mengi ya mfumo. Nimehudhuria sala, nimefanya tafakari, nimeungama mwezi huu. Yote yanaweza kuandikwa “imekamilika” na yote yakawa kweli, huku kilichobaki ndani ya utepe ni kitu kingine kabisa. Sasa ninapochunguza dhamiri usiku najaribu kufanya kama siku za Jumatatu kule Mwanza. Sipitii orodha yote haraka haraka. Nachagua saa moja ya siku, bila kuchagua iliyo nzuri, naifungua na kuitazama: nilisema nini, nilimwambia nani, nilinyamazia nini.

Kabla sijaondoka Binza nilifungua faili dogo la maandishi ndani ya kompyuta ya parokia. Nikaandika folda zimepangwaje, kwa nini kila kitabu kina namba yake, na kwamba kitabu cha tatu kilipigwa picha mara mbili, na sababu yake, na jina langu chini. Kisha nikamwita katekista, nikamsomea kwa sauti, nikamuuliza kama nimesoma sawa.